Picha ya Sita

Ilitangazwa kikaoni, ikatiwa muhuri na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za Migori na Homa Bay, kwamba kila chombo kitakachogawiwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kitaambatana na maelekezo ya picha “yanayoeleweka na kila mwananchi bila kujali kiwango chake cha elimu”, na kwamba tangu siku ya ugawaji “hakuna atakayedhurika kwa kutojua”. Tangazo lilikuwa la kurasa nne, kwa Kiingereza. Halikuwa na picha.

Picha zilikuwa kazi ya Maranga.

Huyu Maranga alikuwa Mkisii wa miaka hamsini na miwili, Msabato wa viti vya nyuma, mwenye chumba kimoja mjini Migori juu ya duka la mbegu. Alianza maisha akiwa mchoraji wa mabango. Alichora vichwa kwenye kuta za vinyozi, vile vichwa ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuwa navyo. Akaandika majina ya mitumbwi kule Sindo na Kendu Bay, ambako aligundua kwamba mtumbwi uitwao Mungu Anaona huzama kama mwingine wowote. Kisha mashine za kuchapisha mabango zikaingia mjini. Mashine ilitoa kwa dakika kumi sura ya mgombea yenye tabasamu ambalo Maranga angelitafuta siku tatu asilipate, kwa kuwa mgombea mwenyewe hakuwa nalo.

Kazi yake ya mwisho ya rangi ilikuwa ya X. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na vibanda vilivyoingia katika eneo lake vilitakiwa kutiwa alama nyekundu ili wenyewe wajue vinabomolewa. Maranga alichora X themanini na tatu kwa siku mbili. Mama mmoja wa mandazi alisimama kando akimtazama, akamwambia, “Basi fundi, hata kama ni ya kunifukuza, inyooshe.” Akainyoosha. Watu wa Migori wakazielewa zote themanini na tatu bila maelezo. Kufikia Jumatatu vibanda havikuwapo. Jambo hilo lilimwachia Maranga imani moja kuhusu dunia: kwamba X ndiyo picha pekee isiyohitaji kufafanuliwa.

Baada ya hapo akafuatwa na muuza pampu za kunyunyizia dawa. Ndani ya kila boksi la pampu mlikuwa na karatasi ya Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na wakulima walikuwa hawazisomi pande zote mbili kwa usawa. Muuzaji akataka picha: bomba hili linaingia hapa, mpira huu usiuache nje. Maranga akachora. Pampu zikaacha kurudishwa. Wa jiko la kuni akaja, wa taa ya jua akaja, wa kichujio cha maji akaja, na bila kula kiapo chochote mchoraji wa mabango akawa mchoraji wa maelekezo.

Ni kazi ya kuondoa. Unapiga picha ya chombo, unaweka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha cha chini, halafu unafuatisha kwa kalamu. Mstari mnene kwa ukingo wa nje, mstari mwembamba kwa vya ndani. Kivuli hapana, kwa sababu mashine ya fotokopi hukigeuza kuwa doa na mtu hulichukulia doa kuwa sehemu ya chombo. Uso hapana, kwa sababu ukiweka uso watu wataanza kubishana huyo ni mtoto wa nani. Unabakiza mkono, uliokatwa kwenye kifundo. Maranga alipenda kusema kwamba mchoro wa maelekezo ni mchoro ulioondolewa kila kitu isipokuwa kile kinachoweza kukuua.

Mradi uliomtafuta uliitwa Mvuke Salama na ofisi yake ilikuwa Homa Bay. Aliyempigia simu ni msichana mpole aitwaye Liz, ofisa wa mawasiliano, ambaye alimwita Mzee Maranga tangu salamu ya kwanza. Chombo chenyewe kilikuwa bakuli zito la chuma lenye kifuniko cha kuzungusha na bomba lililopinda kama mdomo wa birika. Kule Macalder, wachenjuaji huchanganya mchanga wenye dhahabu na zebaki, ambayo akina mama huiita dawa. Zebaki hukusanya dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa kwenye kijiko juu ya jiko la makaa, zebaki ikapaa na moshi, dhahabu ikabaki. Tatizo ni kwamba zebaki haipai ikafika mbali. Huingia puani mwa aliye karibu, na aliye karibu ni yule anayeshikilia kijiko. Birika la mradi lilikuwa na kazi ya kunasa moshi huo na kuurudisha majini.

Kurasa za maelezo alizopewa Maranga zilitaja anayoyapata mvutaji: ladha ya chuma mdomoni, kusahausahau, mikono kutetemeka. Alizisoma mara mbili, kwa sababu dada yake Bitutu alikuwa Macalder na alikuwa akichoma donge kwa kijiko mwaka wa tisa sasa.

Bitutu alimzidi kwa miaka saba. Mama yao aliugua Maranga akiwa bado hajaota meno, na Bitutu, aliyekuwa amenunuliwa kalamu ya kuanzia darasa la kwanza, akapewa mtoto badala yake. Alimbeba mgongoni mpaka alipotembea, akamsindikiza shuleni mpaka mlangoni, na mlangoni akageuka kurudi. Darasani hakuingia siku hata moja. Alikuja Macalder na mume, mume akaondoka, mchanga ukabaki.

Maranga alichora birika kwa mara ya kwanza na mishale. Mshale mmoja kuonyesha kifuniko kinazungushwa, mwingine bomba linashuka, mwingine moto uko chini. Akaipeleka karatasi kwa Nyamhanga, mlinzi wa jengo, Mkuria wa makamo aliyekuwa anakaa mlangoni na redio isiyo na antena. Nyamhanga akaitazama kwa muda mrefu.

“Fundi, hawa ni nani wanapiga hii birika?”

“Nani anapiga?”

“Si hii ni mishale? Moja, mbili, tatu. Na hii ya chini imeingia kabisa.”

“Mshale hapo unaonyesha upande wa kuzungusha.”

“Mshale hauonyeshi upande, fundi. Ukishauona umeonyesha upande, umechelewa.”

“Nyinyi mnapigana sana.”

“Na nyinyi mnaogopa sana. Toa hiyo mishale. Mtu wa kwetu akiona hii karatasi, cha kwanza atauliza ng’ombe wameenda upande gani.”

Maranga akaitoa mishale yote. Wataalamu wa mambo ya lugha wameandika vitabu vinene kuthibitisha kwamba alama haina maana ndani yake, ina maana kwa waliokubaliana nayo. Nyamhanga alikuwa amelisema hilo kwa pumzi moja na kurudi kwenye redio. Pasipo mishale, kila hatua ilibidi ionyeshwe kwa mikono inayofanya. Na mikono, Maranga aliijua ya mtu mmoja tu anayeshika vitu hivyo kila siku.

Akaenda Macalder Jumapili. Bitutu alimpokea nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, mahali alipozoea kuweka jiko lake la kuchomea. Kulikuwa na upepo mzuri. Maranga akamkabidhi birika la mfano na kutoa simu.

“Dada, shika kifuniko kama unakifunga. Tulia hivyo.”

“Nimetulia.”

“Mkono unacheza.”

“Huo ndio mkono wenyewe. Ulipokuwa umekushika mgongoni kwangu hukulalamika.”

“Umeanza lini?”

“Nini?”

“Kutetemeka.”

“Kama Krismasi. Si uzee? Chai naimwaga kidogo, nakunywa iliyobaki.”

“Ni hiyo dawa mnayochoma.”

“Hapa kila mtu anachoma. Ulitaka tuchome nini, ubani?”

Akamwelezea. Alieleza vizuri, kwa Kikisii, kwa mifano, akiwa na chombo mkononi. Bitutu akasikiliza akitikisa kichwa kwa heshima ambayo mtu huwapa wageni wa semina. Mwisho akasema: “Wewe nenda uchore. Watu wa mradi wanakuja hapa na soda, wanaongea, wanaenda. Mimi siwafuati. Lakini ukileta karatasi yako, nitafuata karatasi yako. Vile utakuwa umeandika, ndivyo nitafanya.”

“Sitaandika. Nitachora.”

“Basi vile utakuwa umechora.”

Alipiga picha kumi na moja za mikono ile na zote zilitoka na ukungu. Akarudi Migori akachora mkono uliotulia. Mstari mnene kwa ukingo, mwembamba kwa kucha. Ilikuwa mikono mizuri, pengine mizuri kuliko yote aliyowahi kuchora, na ilishika kifuniko bila wasiwasi wowote.

Karatasi ikawa na picha sita. Ya kwanza, donge linaingia kwenye bakuli. Ya pili, mikono inafunga kifuniko. Ya tatu, birika juu ya jiko la makaa, nje ya nyumba. Ya nne, ncha ya bomba kwenye kikombe cha maji. Ya tano, mikono imekaa, inangoja chombo kipoe. Ya sita ilikuwa onyo: kijiko juu ya makaa, ndani ya kibanda cha mabati cha kupikia, moshi. Maranga aliichora kwanza mlango ukiwa wazi. Akaitazama, akaona mlango wazi unapunguza makali ya onyo. Akaufunga. Akajaza moshi mpaka darini. Halafu, juu ya yote, akapiga X moja kutoka kona hadi kona, kwa mstari mnene kuliko yote, iliyonyooka.

Mwongozo wa mradi ulitaka picha zijaribiwe kwa watu watano kabla ya kuchapishwa. Maranga akawajaribu watano, wote wa jengo lile na la jirani. Nyamhanga akatazama ile ya sita akasema, “Hii wamekataza.” Fundi cherehani akasema vivyo hivyo. Mwenye duka la mbegu akasema, “Hilo jiko linabomolewa.” Maranga akafikiri kidogo, akaandika: ameelewa.

Ilimpitia akilini kumjaribu Bitutu. Lakini safari ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa imeanza, na aliona ni kama kumtania mtu kumpa mtihani wa mikono yake mwenyewe.

Mabirika hamsini na mawili yaligawiwa Macalder mwezi wa pili, na karatasi hamsini na mbili. Liz akamtumia picha za sherehe kwenye simu. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na safu ya akina mama walioinua mabirika juu kama wachezaji walioshinda kombe. Bitutu alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Kwenye picha hiyo pia mikono yake ilikuwa na ukungu.

Akakaa miezi minne bila kwenda. Alikuwa na kazi ya muuza mashine za kupukuchua mahindi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alikuwa na amani. Mwezi wa sita akasema aende akaone.

Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, hapakuwa na jiko. Akaita. Bitutu akaitikia kutoka jikoni, kile kibanda cha mabati kilichojitenga na nyumba, na mlango ulikuwa umefungwa. Maranga alipoufungua moshi ulimtokea kabla ya dada yake. Bitutu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kijiko mkononi, kijiko kikitetemeka juu ya makaa. Ukutani, imebandikwa kwa ugali, palikuwa na karatasi ya picha sita.

“Funga mlango,” Bitutu akasema. “Unaniharibia.”

Maranga hakufunga. Alimshika mkono akamtoa nje, na ilimbidi amsaidie kupita kizingiti, kwa sababu miguu nayo ilikuwa imeanza kujiuliza mahali pa kukanyaga.

“Birika iko wapi?”

“Iko ndani ya nyumba, kwa meza. Nimeiwekea kitambaa isishike vumbi.”

“Kwa nini huitumii?”

Bitutu akamtazama kama mtu anayeona ndugu yake amechoka na safari. “Si ni wewe ulisema hii ya kijiko ndiyo imepita?”

“Nilisema wapi?”

Akaingia jikoni, akabandua karatasi taratibu ili isichanike, akaja nayo. Akamwekea kidole, na kidole kikazunguka kidogo kabla ya kutua kwenye picha ya sita.

“Hapa. Hizi zingine zote hukuziwekea kitu. Hii umeweka X.”

Maranga akainama kuitazama.

“Tulifundishwa,” Bitutu akaendelea, kwa upole, maana alikuwa amemfundisha mambo mengi tangu akiwa mtoto. “Kabla ya kura. Alikuja mwalimu pale kanisani na karatasi ya kujifunzia, imechorwa embe, ndizi, nanasi, kila moja na kisanduku chake. Akasema hakuna haja ya kujua kuandika. Usiguse wale hutaki. Yule unataka, mwekee X. Mimi niliweka kwa nanasi. Na siku yenyewe nikaweka, na ikahesabiwa. Sasa kuona karatasi yako, nikajua mmeshindanisha hizi njia zote sita, na hii yetu ya zamani ndiyo imeshinda.”

“Dada. X ni kukataza.”

“Ya nani?”

“Ya kila mtu. Shuleni ukikosa, mwalimu anakuwekea X.”

“Mimi nitajuaje? Sikukosa kitu huko.”

Maranga alikaa chini kwenye jiwe la kufulia. Kosa, ilionekana, ni jambo la kusomea kama mambo mengine. Asiyeingia darasani hajui linaandikwa vipi. Serikali ilikuwa imemfundisha Bitutu alama moja katika maisha yake yote, ikamfundisha vizuri, na alama yenyewe ilimaanisha ndiyo.

“Na ungeweka X mbili,” Bitutu aliongeza, akimpa moyo, “ningejua kura imeharibika. Lakini ulikuwa umeweka moja, safi kabisa. Nilikusifu.”

“Zamani ulikuwa unachomea nje.”

“Eh.”

“Nje kwenye upepo. Kwa nini uliingia ndani?”

“Kwa sababu ulichora ndani.” Akagonga picha. “Na mlango umefunga. Nikasema, huyu amesoma, lazima kuna sababu. Nafikiri moshi ukibaki dhahabu haipotei.” Kisha, akiona uso wake: “Nilikwambia. Vile utakuwa umechora.”

Kulikuwa na jingine, na lilitoka polepole. Siku ya ugawaji akina mama walipewa karatasi na soda, na hotuba ikawa ndefu, na hakuna aliyeuliza kitu kwa sababu lori la viti lilikuwa linangoja. Baadaye wakamwendea Bitutu. Kwani wangemwendea nani? Yeye ndiye dada wa mchoraji. Akawakalisha, akawasomea karatasi picha kwa picha, akawaeleza mambo ya mlango.

“Wangapi?”

“Wote si walikuja. Hata wale wa ng’ambo ya mto.”

Alasiri hiyo walitembea pamoja, Maranga akimshika kiwiko. Nyumba ya kwanza mwenyewe hakuwapo, lakini mlango wa jiko lake ulikuwa mweusi kwa ndani. Nyumba ya pili ilikuwa ya Kezia, mama wa Kikuria mwenye sauti ya soko, ambaye aliwasikiliza mpaka mwisho huku akipepeta maharagwe.

“Kwa hivyo X ni hapana,” Kezia akasema.

“Ni hapana,” Bitutu akasema.

“Mwezi wa pili ilikuwa ndiyo.”

“Nilikosea, mama.”

“Ulikosea ama amekosea?” Akamwelekezea Maranga ungo. “Kwa sababu nikienda kupiga kura nikaweka X, na kumbe ni hapana, basi miaka yote hii nimekuwa nikimkataa mtu wangu. Inaweza kuwa ndiyo maana hata barabara hatuna.”

“Ya kura ni ndiyo,” Maranga akasema. “Ya kwenye karatasi hii ni hapana.”

“Na nitatofautisha aje?”

Maranga alikuwa mtu aliyeishi kwa kutofautisha mambo ya namna hiyo kwa mistari miwili ya unene tofauti; akaanza kuuchora mmoja hewani kwa kidole, akaushusha mkono.

“Basi lete karatasi nyingine,” Kezia akasema, akirudi kwenye maharagwe. “Maneno ya mdomo ni ya kila mtu. Hii imechapishwa. Ikija ingine imechapishwa, nitatoa hii.”

Walirudi. Bitutu akaondoa kitambaa kwenye birika, akatangaza kwamba yeye angeanza leo hii, hahitaji karatasi. Akaweka bakuli kwenye magoti na kifuniko juu yake. Ilitakiwa kifuniko kikae sawasawa ndipo meno yake yashikane na ya bakuli. Kikikaa upande, hakizunguki, na kisipozunguka mvuke unatoka pembeni. Kikakaa upande. Akakiinua, akakirudisha. Chuma kiligongana na chuma, tik tik tik, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotarajia kufunguliwa. Alijaribu mara tisa. Maranga alizihesabu kwa sababu hakutaka kuangalia. Pembeni, kwenye karatasi, katika picha ya pili, mikono ileile ilikuwa inafunga kifuniko kilekile bila tatizo.

Mwisho Maranga alimpokea chombo akakifunga yeye.

“Kesho nani atafunga?” akauliza.

“Nitamwita Kezia.”

“Kezia mkono wake ukoje?”

Bitutu akacheka. Lilikuwa jibu.

Jumatano Maranga alikuwa Homa Bay. Alikuwa amechora upya picha ya sita usiku kucha kwa siku mbili: pasipo X, mtu ameanguka kando ya jiko, na kwa mara ya kwanza katika kazi zake alikuwa amemwekea uso. Ofisi ya Mvuke Salama ilikuwa na maboksi sakafuni na mraba mweupe ukutani pale palipokuwa na kalenda. Liz alifurahi kumwona. Alimtafutia kiti, akatoa boksi juu yake.

“Madam, wanasoma X kuwa ndiyo.”

Akamweleza yote, pamoja na nanasi. Liz alisikiliza vizuri, akaandika, akauliza tahajia ya jina la Bitutu. Hakuwa mtu mbaya. Wangekuwa watu wabaya, Maranga alifikiri baadaye, pengine ingekuwa rahisi.

“Inasikitisha sana,” Liz akasema. “Lakini Mzee Maranga, unajua X ni alama ya kimataifa. Hata mwongozo wetu unasema hivyo. Haikuwa kosa lako.”

“Macalder haijajiunga, madam.”

Liz akatabasamu, kisha akaona kwamba haukuwa mzaha. “Shida ni kwamba mradi ulifungwa Ijumaa. Si kwamba hatutaki. Hakuna tena mahali pa kupeleka ombi la kuchapisha. Naweza kuweka mchoro wako kwenye faili, kwa mradi ujao.”

“Unakuja lini?”

“Haujaandikwa bado.”

Maranga akausukuma mchoro mezani. Liz akautazama ule uso kidogo, akaugeuza chini.

“Na nisikufiche,” akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta la kufariji, “ukweli ni kwamba maelekezo yako ndiyo yalifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote katika mradi. Tulifanya tathmini mwezi wa tano. Tuliwauliza wote. Iko kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza: asilimia mia moja. Mkurugenzi aliisoma kwenye hafla ya kufunga.”

“Mliwauliza nini?”

“Ngoja, nikuonyeshe. Utafurahi.”

Akachutama kati ya maboksi, akavuta faili la kijani, akamfungulia. Fomu zilikuwa hamsini na mbili, zenye swali moja na visanduku viwili, ili wasiojua kuandika wasipate taabu. Je, umeyaelewa maelekezo ya picha? Ndiyo. Hapana.

Maranga akazifungua moja baada ya nyingine. Kila fomu ilikuwa na X kwenye kisanduku cha Ndiyo, na pembeni, kwa kalamu nyekundu ya ofisi, mtu alikuwa ameandika 1. Ya kumi na saba ilikuwa na mistari miwili iliyotetemeka, ikapita nje ya kisanduku pande zote. Nayo ilikuwa imehesabiwa.